Tembea Nikuone

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeaibika mpaka masikio. Nilikuwa katikati ya somo la mwendo wa binadamu, nimegeukia ubao nachora nyonga, nikasikia mtu anakohoa mlangoni. Mkuu wa Idara. Amesimama pale tangu saa ngapi sijui. Nikageuka na chaki yangu mkononi, ndipo nikaona anachokiona yeye: darasa zima limelala. Si kusinzia, kulala. Yule kijana wa mstari wa mbele wanayemwita Spika, kwa vile mdomo wake haufungwi mchana kutwa, hata usingizini alikuwa ameuacha wazi.

Mkuu akaniita ofisini. Hakufoka. Angefoka ningejua la kumjibu. Akanimiminia chai, akasema, "Mzee mwenzangu, hawa watoto wanashinda kwenye simu wanatazama picha. Wafuate huko huko." Kumbe walimu wengine wameshafungua kurasa kwenye mtandao wa picha, wanafunzi wanaweka video, wanabishana, wanajifunza. Nijaribu muhula huu wa mvua, na niwe naandika yanayotokea, mwisho nimkabidhi. Ndiyo haya ninayoandika.

Nafundisha tiba ya viungo tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Namwona mtu anavuka barabara nakwambia goti lipi linamsumbua na kiatu kipi kimeliwa kisigino. Leo naambiwa nikajifunze kwa watoto. Haya bwana.

Alhamisi, 6 Machi

Ukurasa umefunguliwa. Binti yetu, anayeishi mji mwingine, kanielekeza kwa simu huku anajikaza asicheke. "Baba, usiandike kwa herufi kubwa zote. Unaonekana unafokea watu." Jina nimelibuni mwenyewe: Tembea Nikuone.

Masharti ni haya. Mwanafunzi amwombe mtu ruhusa, amrekodi akitembea, kuanzia kiunoni kushuka. Uso usionekane, jina lisitajwe. Anayerekodiwa avae suruali nyeusi ya kubana ya idara, miguu mitupu, mbele ya ukuta mweupe wowote. Darasa waandike chini ya video: huyu ana nini, na umejuaje. Nami naufunga mjadala kwa neno langu. Alama zipo.

Mkuu alishauri ukurasa uwe wa darasa tu. Nimeuacha wazi kwa kila mtu. Kama nafundisha, waone ninavyofundisha.

Jumapili, 9 Machi

Mama watoto kavunja kikombe tena. Nikamwambia aache kushika simu akiosha vyombo. Akasema simu ninayo mimi. Kweli, nilikuwa nayo.

Jumatano, 12 Machi

Jamani, wamefufuka! Spika kaweka video ya mlinzi wa getini, darasa zima wamemvamia: kifundo cha mguu, hapana nyonga, hapana mguu mmoja mfupi. Walibishana tangu asubuhi. Kuna mmoja kachora mistari myekundu juu ya picha kuonyesha kiuno kinavyoinama upande. Mistari mizuri kuliko yangu ya ubaoni, nakiri.

Na yule msichana wa mstari wa nyuma kabisa, wanayemwita Kimya. Miaka miwili sijasikia sauti yake. Ukurasani anaandika kama maji ya bomba lililopasuka. Anaona vitu. Aliandika kwamba mlinzi anapindua mkono wa kushoto anapogeuka, kwa hiyo tuangalie na bega. Nikaenda getini kumwangalia bega. Liliwahi kuvunjika.

Nilifunga mjadala kwa utani kidogo: "Mlinzi wetu ana nyonga ya uzee na bega la vita. Mwizi asijaribu." Nikabonyezewa mioyo mingi ajabu, mingine kutoka kwa watu nisiowajua kabisa.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua zimeanza. Kimya alikuja nyumbani kuleta kazi za darasa lao nizisahihishe. Mimi nilikuwa sebuleni najibu maoni ya ukurasani, mke wangu akamfungulia mlango, nikasikia wanaongea barazani kwa muda. Nikadhani wanasubiri mvua ipungue.

Wakati wa chakula nikamwonyesha mke wangu video za wiki. "Tazama huyu, anavuta mguu kama anaburuta mkeka." Akatazama. Akasema, "Hawa watu unawaangalia sana." Nikamwambia ndiyo kazi. Akasema miguu yake siku hizi mizito. Nikamwambia ni vile viatu vyake vya shuleni, avitupe. Yeye ni mwalimu wa darasa la kwanza, anasimama siku nzima, nani asingekuwa na miguu mizito?

Jumanne, 18 Machi

Video saba mpya. Sita za kawaida. Ya saba imewekwa na Kimya: mwanamke, umri wa makamo nadhani, anatembea mbele ya ukuta mweupe. Anakanyaga kama sakafu inaweza kumkimbia. Magoti magumu, miguu imeachana, hana haraka hata kidogo.

Nilikuwa na hamu ya kucheka. Nikaandika: "Huyu hana ugonjwa. Huu ni mwendo wa mtu aliyetumwa dukani na hataki kwenda. Dawa: aambiwe chenji ni yake, atakimbia."

Nilipotoka kuoga nikakuta mioyo imejaa. Watu wanaitumiana. Binti yetu kapiga simu: "Baba, umekuwa maarufu!" Kichwa kimevimba, sisemi uongo.

Jumatano, 19 Machi

Kimya kanijibu hapo hapo chini ya utani wangu, mbele ya watu wote: "Mwalimu, naomba kupinga. Wakati namrekodi alikuwa anaangalia miguu yake muda wote kwa sababu haiamini. Magoti yamekaza yote mawili. Nadhani tatizo haliko miguuni, liko juu. Apimwe shingo."

Shingo! Kwa video ya miguu. Nikamwandikia: "Binti, kwenye video hii hakuna shingo. Tunasoma kilichopo, hatupigi ramli." Mioyo tena. Spika kaweka kikatuni cha mtu anaangalia shingo kwa darubini.

Saa hii naandika nikiwa sina raha sana, lakini mwanafunzi akizoea kumpinga mwalimu hadharani itakuwaje?

Ijumaa, 21 Machi

Kimya kaja ofisini. Kasimama mlangoni, hataki kuketi. "Mwalimu, tafadhali itazame tena ile video."

Nikamuuliza ni mgonjwa gani, yuko wapi. Akasema hawezi kumtaja, masharti ni yangu mwenyewe. Nikamuuliza amempima? Hajampima. Ana maumivu? Hana. "Sasa unataka nione nini?"

"Namna anavyotembea tu."

Nikamwambia nimeshaona. Aliondoka bila kuaga. Nadhani anataka alama.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Paa la darasa linavuja juu ya meza yangu.

Alhamisi, 27 Machi

Kimya tena. Safari hii machozi yalimlengalenga. "Mwalimu, itazame ukiwa peke yako. Usisome maoni, usisome kitu, itazame tu." Nikapandisha hasira. Nikamwambia anapoteza muda wangu, nikafungua kitabu cha alama mbele yake, nikampa alama mbaya kuliko zote darasani, sababu: kubishana bila ushahidi. Alitazama nikiandika. Akasema, "Sawa, mwalimu. Lakini utaitazama?"

Nimejisikia vibaya njia nzima ya kurudi nyumbani, na sijui kwa nini. Nilikuwa na haki.

Jumapili, 30 Machi

Mke wangu kanyamaza. Ukimsalimu anaitika, ukimuuliza anajibu, lakini maneno yake ya kunichokoza yamekwisha. Zamani nikijisifu alikuwa ananiita "Profesa." Leo nimejisifu makusudi nione, hakuniita.

Jumatano, 2 Aprili

Nitaandika kama ilivyokuwa. Nikiacha hata kidogo, kesho nitajidanganya.

Mchana mvua ilinikamata mjini, nikajibanza chini ya kibaraza cha duka la kutoa nakala. Barabara ilikuwa mto. Mbele yangu, upande ule wa pili, kulikuwa na mwanamke kavaa koti la mvua la kijani, kofia kajifunika, anatembea kufuata ukuta. Nilikuwa namwona mgongo. Sikumjali. Halafu macho yakashuka miguuni.

Ni yeye! Yule wa video! Anakanyaga vile vile kama sakafu itamkimbia, magoti vile vile, miguu imeachana, kichwa kimeinama anatazama anapoweka nyayo. Ningemtambua kati ya watu elfu. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kama nimeokota kitu. Nikatoa simu. Nikaanza kumrekodi. Kichwani nilikuwa nimeshatunga na maneno ya kuweka: "Nimempata aliyetumwa dukani. Bado hajafika."

Akasimama. Akashika ukuta kwa mkono. Akageuka taratibu, mwili wote pamoja, na kofia ikateleza nyuma.

Mke wangu.

Sikushusha simu. Yeye akanitazama kutoka ng'ambo ya maji, mvua inampiga usoni, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, ile anayotumia kuuliza kama nimezima jiko:

"Umeshapata, au nirudi nianze tena?"

Watu wa kibarazani wakanigeukia. Mwenye duka akacheka, akidhani tunapigana picha za raha. Nikavuka yale maji na viatu vyangu, nikamshika mkono. Hakuutoa, na wala hakunishika. Koti lilikuwa la mwalimu mwenzake wa shuleni. Ndilo lililonifanya nisimjue, nilijiambia, mpaka nikakumbuka kwamba ukurasani hapakuwa na koti. Palikuwa na miguu yake, mitupu, ambayo nimelala nayo kitanda kimoja tangu ujana.

Tulipofika nyumbani nikamketisha jikoni. Nikamwomba afumbe ngumi na kuifumbua haraka haraka. Mkono wa kulia ulikuwa unafunguka kidole kimoja kimoja, kama mlango wenye kutu. Nikampiga chini ya goti kwa ubapa wa kiganja, mguu ukaruka ukapiga meza. Nimewafundisha watoto wa watu dalili hizi muhula baada ya muhula. Miguu mikakamavu, mikono mizembe, maumivu hakuna: uti wa mgongo umebanwa shingoni. Shingoni! Alichoandika Kimya, neno kwa neno.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza. Ona nilivyo. Hata pale nilitafuta wa kumlaumu.

"Nilikuambia miguu mizito, ukasema viatu. Vikombe vikinidondoka ukasema simu." Alikuwa anajifuta uso kwa taulo ya vyombo, inamponyoka, anaiokota. "Halafu nikaona wale wa ukurasani unawatazama. Mtu humjui, unakaa naye mpaka chai inapoa, unamrudia, unamrudia. Nikasema basi, na mimi nijipeleke huko. Nilimwomba yule binti alipoleta kazi zako. Nilimwapisha asikwambie. Nilitaka unione bila kujua ni mimi, kwa sababu ukijua ni mimi huoni."

Nikamuuliza kama alisoma nilichoandika.

"Nilisoma. Na walimu wenzangu walisoma, walinionyesha wao, wakicheka. Nikacheka nao."

Sina pa kuuweka uso wangu. Natamani angenitukana. Akainuka kwenda kubadili nguo, nikamwangalia akienda, nikaona kila hatua.

Alhamisi, 3 Aprili

Asubuhi, kabla hata ya kumpigia daktari, nimefuta yale maneno yangu ukurasani. Kabla ya kumpigia daktari. Naliandika hili ili nilione.

Ijumaa, 4 Aprili

Hospitali. Daktari bingwa wa mishipa ya fahamu ni kijana, ananiheshimu, ananiita mwalimu. Akamtembeza mke wangu ukumbini, mara moja tu, kwenda na kurudi. Akaketi. Akanigeukia mimi, si yeye: "Mwalimu, mwendo huu umeanza lini?"

Swali rahisi. Mke wangu, nyumba moja, meza moja. Nikasema "hivi karibuni" kama mtu anayekisia hali ya hewa.

"Kabla ya mvua," mke wangu akasema. "Tangu mvua hazijaanza. Mkono ulikuwa unadondosha kikombe mara moja moja, ukazidi baada ya mvua kuanza."

Wakampitisha kwenye ile mashine kubwa. Picha ikaja: kwenye shingo, palipotakiwa kuwa na njia pana, pamebanwa pembamba. Daktari akaeleza atafungua, ataondoa kinachobana, haraka iwezekanavyo. Miguu anaitumaini. Kuhusu mkono akaitazama tena picha. "Kwa hiyo katikati ya mwezi uliopita mkono ulikuwa bado una nguvu? Mngekuja pale ningewaahidi. Sasa siwaahidi."

Katikati ya mwezi uliopita ndipo nilipokuwa naandika habari za chenji. Mke wangu anaandikia darasa la kwanza ubaoni, herufi moja moja, watoto wanamfuatisha. Ni mkono huo huo.

Njiani nikamwambia, "Nisamehe." Akasema, "Angalia barabara."

Jumatatu, 7 Aprili

Nilikuwa na mpango wa kitoto. Nitaliambia darasa kwamba yule wa video amepatikana, ni "mgonjwa fulani," Kimya alikuwa sahihi, alama zake nazirekebisha, tuendelee. Nilikuwa nimeandika hata maneno kwenye karatasi. Nilipofika mlangoni Spika akapiga mbinja: "Mwalimu, umefuta ile ya dukani! Ilikuwa kali!" Wengine wakaanza kuisema kwa kichwa, kwa pamoja, kama wimbo. Wanaijua yote. Somo langu hata moja hawalijui hivyo.

Nikasubiri wamalize. Nikasema, "Yule mwanamke ni mke wangu."

Wakacheka. Walidhani ni utani mwingine, na walikuwa na haki, ndiyo chakula nilichowazoesha. Nikarudia. Kicheko kikaisha kipande kipande, kuanzia mbele kwenda nyuma. Nikawaambia yote: video, ugonjwa, mkono, maneno ya daktari, alama niliyompa Kimya na kwa nini nilimpa. Sauti ilinikatika pale kwenye alama, sijui kwa nini hapo na si kwenye mkono.

Spika ndiye aliyeuliza, bila mzaha wowote. "Kimya alijua ni nani?"

Wote wakamgeukia. Kimya akasimama, na nikasikia sauti yake darasani kwa mara ya kwanza. Ni nzito kuliko nilivyoisikia ofisini. "Niliapa. Nilidhani mwalimu akiitazama tena atamjua. Kila siku nilidhani leo atamjua." Halafu akaniambia, "Nilitaka kuvunja kiapo. Sikukivunja. Na mimi nimechelewa, mwalimu."

Nikamwambia asithubutu kuubeba huo mzigo, ni wangu. Nilimfokea, nadhani. Akakaa chini analia. Nikamrudishia alama, akasema hazitaki. Nimeziandika hata hivyo.

Ukurasa sasa ni wa darasa peke yake. Hata hivyo ile ya dukani imeshasambaa huko nje, siwezi kuirudisha. Leo nimeiona imebandikwa kwenye ukurasa wa watu wa vichekesho, na video ya mke wangu juu yake.

Alhamisi, 10 Aprili

Wamemwingiza asubuhi. Ametoka mchana. Anapumua, anatujua. Binti yetu amefika, ananizunguka bila kusema nami. Mama yake kamsimulia.

Jumapili, 13 Aprili

Wodini. Kavalishwa kola ngumu shingoni, hawezi kugeuka, inabidi usimame mbele yake ndipo akuone. Nikasimama mbele yake. Kitanda cha pili kuna mama mmoja kavunjika nyonga, mchangamfu, anaongea na kila anayepita.

Mke wangu akasema, "Isome."

"Nini?"

"Uliyoandika. Umeifuta, najua. Iseme kwa kichwa. Niliisoma peke yangu, sijawahi kukusikia ukiisema."

Nikamwomba tuache. Binti yetu akaniambia, akiangalia dirishani, "Baba, isome."

Nikaisema. Kwa sauti ya chini. Huyu hana ugonjwa. Huu ni mwendo wa mtu aliyetumwa dukani na hataki kwenda. Dawa: aambiwe chenji ni yake, atakimbia.

Yule mama wa kitanda cha pili akapasuka kwa kicheko. "Loo! Nyonga yangu! Huyu baba ana maneno! Hebu irudie." Hakujua, atajuaje? Na mke wangu naye akacheka, kashika kola yake kwa mkono wa kushoto, machozi yanamtoka, daktari kamkataza kutikisa shingo.

"Unaona?" akaniambia alipotulia. "Inachekesha kweli. Ingekuwa haichekeshi ningekasirika, yakaisha. Nilicheka, ndipo nikajiona mjinga kwa kucheka. Nikaenda kutembea chumbani, mlango umefungwa, nikajaribu kutembea kama mtu anayetaka kwenda. Nilijaribu kweli, baba watoto. Sikuweza."

Yule mama wa kitanda cha pili akavuta shuka mpaka kidevuni. Akatazama ukuta.

Nilikaa mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha. Nilimlisha, kwa kuwa kijiko kinamtoka mkononi. Alikula chote.

Ijumaa, 18 Aprili

Mkuu ameulizia shajara, anataka kujua kama "njia imefanikiwa." Nimemwambia wanafunzi wamejifunza. Ni kweli. Atapewa yote, na kurasa hizi zimo.

Jumanne, 29 Aprili

Mazoezi yameanza, kwenye ukumbi wa idara yetu hospitalini. Nilijua nitamfanyisha mimi. Nilikuwa nimevaa hata viatu vya mazoezi. Mke wangu akamwambia muuguzi anamtaka yule binti wa mwaka wa tatu, yaani Kimya, msimamizi awepo, sawa, ila anayemshika awe yeye. Mimi akanionyesha benchi la ukutani, wanapokaa waume wengine na mikoba ya wake zao. Nikakaa. Nilipewa na mkoba.

Miguu inarudi. Magoti yamelegea kidogo, anainua nyayo. Mkono haurudi. Daktari anasema tusubiri, lakini anasema akiangalia pembeni. Shuleni wamepanga mwalimu mwingine awe anaandika ubaoni na yeye awe anasema. Alipewa habari hiyo jana, akaomba apelekwe chooni, akakaa huko sana.

Kimya alimtembeza kati ya zile nguzo mbili za kushika, kwenda, kurudi, kwenda. Hakuwa na haraka. Halafu akasimama, na kwa mazoea tu, kama mwanafunzi yeyote mbele ya mwalimu wake, akanigeukia kwenye benchi. "Mwalimu, unaonaje?"

Ukumbi mzima ukanisubiri, msimamizi na wagonjwa na waume wenye mikoba. Nilikuwa nimeona, bila shaka. Niliona kisigino cha kushoto kinachelewa kushuka, niliona bega linavyopanda kumsaidia. Maneno yalikuwa yameshapangana mdomoni, na yalikuwa mazuri.

Nikasema, "Muulize mwenyewe."

Mke wangu akasimama pale pale kati ya nguzo. Kwa ile kola hawezi kugeuza kichwa peke yake, kwa hiyo akajigeuza wote, hatua ndogo ndogo, mkono wa kushoto unashika, wa kulia unaning'inia, mpaka tukatazamana.

"Ungeniuliza mimi mapema," akasema, "huu mkono wa kulia ungekuwa bado unaandika."

Halafu akajigeuza tena, taratibu vile vile, akamwambia Kimya anaona anaweza kufika mpaka mlangoni. Wakaenda.